Nukta Mbili Zilizofutwa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kageha na mdogo wake Mideva walipita kando ya uwanja wa shule, pale mahindi yalipokuwa yameanikwa juu ya maturubai. Mavuno yakifika, kila mzazi wa shule ile huleta debe lake la mahindi ili watoto wapate githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, mchana. Lakini mwaka huo mvua ilikuwa imekataa kuaga Eldoret. Jioni wanafunzi walikimbia kufunika, asubuhi wakafunua tena.

Mwalimu Wabuge, mlezi wa chama cha sayansi, alikuwa ameazima kipima unyevu kutoka kwa Mzee Macharia, mnunuzi wa nafaka wa Moi's Bridge. Kageha na rafiki yake Jeruto, wote wa Gredi ya Saba, walipima mahindi kila siku na kuweka kila kipimo kama nukta kwenye grafu ya kompyuta ya shule. Siku ya kukirudisha kile chombo ilipokaribia, Mwalimu aliwapa kazi: wachore mstari uliopinda, unaofuata zile nukta, uwaonyeshe mahindi yatakauka siku gani.

"Mstari huu hauchorwi kwa rula," alisema. "Programu ya kompyuta inautafuta kwa kupapasa, na itawauliza ianzie wapi. Mahindi yalianza na unyevu gani? Yatakomea wapi? Yanakauka kwa kasi gani? Msikisie ovyo. Tazameni nukta zenu kwanza. Halafu mwende stoo mpime mahindi ya mwaka jana, mjue hapa kwetu yakikauka kabisa huwa yanabaki na unyevu gani."

Alasiri hiyo kulikuwa na mechi ya netiboli.

"Jeruto, wewe enda tu," Kageha akasema. "Hii ni kazi ya dakika mbili."

"Na stoo? Ufunguo uko na Mama Naomi jikoni."

"Aa, stoo ya nini? Kompyuta itajua yenyewe."

Jeruto akaenda. Kageha akabaki peke yake, sikio moja likiwa uwanjani. Programu ilipouliza ianzie wapi, akaandika namba ya jezi yake, akaandika sifuri, akaandika chochote kilichomjia. Programu ikakataa. Akabadilisha, ikakataa tena. Mara ya mwisho ikakubali, ikachora mstari ulioteremka kama jiwe lililotupwa bondeni. Ulipita vizuri kwenye nukta za kwanza, lakini nukta mbili za mwisho, zilizopimwa baada ya mvua kubwa, zilibaki juu kabisa, mbali na mstari.

Uwanjani watu wakashangilia. Kageha akaangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu. Akazifuta zile nukta mbili.

"Mwalimu, yatakauka Alhamisi," akaripoti, akakimbilia mechi.

Kipima unyevu kikarudi Moi's Bridge. Alhamisi mahindi yakatiwa kwenye magunia na kufungwa. Ijumaa, kwenye gwaride la shule, Kageha akapigiwa makofi.

"Profesa Kageha!" wavulana wakamtania. "Sasa tuambie na mvua ya Krismasi itanyesha saa ngapi!"

Akacheka nao, lakini akaharakisha kuingia darasani. Nyumbani ndiko alikochomwa zaidi. Mideva, wa Gredi ya Kwanza, aliingia akirukaruka.

"Mama! Mwalimu wetu amesema Kageha ndiye amejua mahindi imekauka. Nimeambia watoto wote ni dada yangu!"

"Mungu ashukuriwe," Mama akasema, akiipua ugali. "Mahindi mabichi yakifungwa kwa gunia yanaota kuvu. Ile kuvu ni sumu, na mtoto mdogo ndiye huumia wa kwanza. Haya, Kageha, tuombee chakula."

Kageha akafumba macho. Maneno ya sala aliyazoea tangu utotoni, lakini siku hiyo kila neno lilikuwa zito kama gunia. Alipofumbua macho, alimwona Mideva anapuliza tonge lake, akakosa hamu ya kula. Jumapili kanisani aliimba kwa mdomo tu. Mtu anaweza kujificha kwa mwalimu, lakini kwa Aliyemuumba atajifichia wapi?

Jumatatu hakungoja kengele. Alimkuta Mwalimu Wabuge mlangoni pa ofisi.

"Mwalimu, nilidanganya. Nilifuta nukta mbili. Na stoo sikuenda." Machozi yakamtoka. "Tafadhali, mtoto yeyote asile."

Mwalimu akafunga ofisi. Alitembea hadi stoo, Kageha nyuma yake, Mama Naomi mpishi akiwafungulia mlango. Akafungua gunia la kwanza na kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko.

"Weka wako," akamwambia.

Ndani mlikuwa na joto, kama la mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Harufu ya uvundo ilikuwa imeanza.

"Uii! Na leo ndiyo nilikuwa nitie kwa sufuria!" Mama Naomi akashika kichwa. "Mtoto, Mungu amekuamsha mapema."

Magunia yote yakamwagwa tena juani. Punje zilizoota kuvu zikachambuliwa na kuchomwa, na madebe kadhaa yakapotea. Kageha alishika reki na kugeuza mahindi kila mapumziko, wenzake wakicheza. Hakunung'unika. Siku ya pili Jeruto alikuja na reki yake. "Profesa, sogea huko," akasema.

Mzee Macharia aliazimisha chombo tena. Wasichana walipima upya, wakapima na mahindi ya mwaka jana, kisha wakaketi na Mwalimu mbele ya kompyuta.

"Ng'ombe akipotea kwenye ukungu, unaanza kumtafuta wapi?" Mwalimu akauliza.

"Pale alipoonekana mwisho," Jeruto akajibu.

"Basi. Ukianzia popote tu, utateremka bonde lisilo lake, urudi na ng'ombe wa mtu mwingine."

Kageha akaandika namba za kuanzia polepole, kila moja akieleza ilikotoka. Safari hii programu haikukataa. Mstari ukashuka taratibu na kulala karibu na nukta zote, nyingine juu kidogo, nyingine chini. Siku iliyotajwa na mstari huo ilipofika, walipima: mahindi yalikuwa makavu.

Githeri ilipopakuliwa, Mideva alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kageha alisimama akimtazama mpaka akameza.

Mwalimu Wabuge akaja kando yake.

"Kuanza vibaya kunasameheka, mwanangu," akasema. "Hata mimi nilikosea, sikukagua. Lakini nukta iliyokataa mstari wako ilikuwa inakuita. Siku nyingine, kitu kikikwambia umepotea, usikizibe mdomo. Rudi mwanzo, uanze na kile ulichokiona kwa macho yako."

"Ndiyo, Mwalimu," Kageha akasema, akachukua sahani yake na kwenda kuketi na mdogo wake.