Yatima Mwenye Mama

Jirani aliita "Mama Victor!" mara tatu, na Silvana akaendelea kupepeta ulezi. Binti yake Fransiska akamgusa bega.

"Mama, unaitwa."

"Mimi? Mimi ni Mama Fransiska."

Kijiji kizima cha Milanzi kilimwita kwa jina la Victor, kifungua mimba wake. Wakacheka, wakadhani ni uchovu. Lakini jioni alipakua ugali sahani mbili tu. Ile ya tatu, ambayo siku zote alimfunikia Victor kwa ungo mpaka aache gemu lake, hakuipakua.

Victor hakujali. Alikuwa chumbani na shujaa wake. Gemu lile humtaka mchezaji amchagulie shujaa asili: mtoto wa mfalme, mwindaji, mwana wa mhunzi. Miezi iliyopita Victor alimpa shujaa jina lake mwenyewe, kisha akachagua asili yenye nguvu kuliko zote: yatima, mama amekufa, amelelewa na jini la moto. Mama yake alikuwa jikoni akimkaangia mahindi. Mpumbavu yule alimuua kwa kubonyeza kitufe kwa kidole gumba.

Tangu hapo chumba kilinuka nywele zilizoungua, kwanza kidogo, kisha hata nguo zikanuka, na mchana kweupe, televisheni ikiwa imezimwa na Victor amejifunika blanketi kwa baridi, nyuma ya kabati alisikika mtu akisonga ugali, polepole, mwiko ukikwaruza sufuria, akihema kama mwanamke aliyechoka kumsubiri mwanawe.

Fransiska ndiye aliyemleta Bibi Emerensiana, mganga wa kijiji cha Mollo. Bibi alinusa mlangoni, akakataa kuingia.

"Umesema huna mama, mjukuu wangu?" akanong'ona.

"Bibi, ni gemu tu."

"Kuna aliyesikia, akaja kushika nafasi ya mama. Mfute huyo shujaa, usibakize kitu. Nikilitoa jini hili, halafu ukaliita mwenyewe, mimi usinifuate tena."

Victor akamfuta shujaa mbele yake. Bibi akafukiza dawa pale mlangoni, harufu ikakatika. Silvana akaja mbio kutoka uani, akamshika mashavu.

"Victor! Mbona umekonda hivi, baba? Umekula?"

Alilia mwana, akalia mama. Ingeishia hapo. Lakini kabla bibi hajafika, Victor alikuwa ameshanakili shujaa kwenye flashi. Miezi yote ile aitupe? Mama si amepona?

Jumapili, mama na Fransiska wakiwa kanisani, akamrudisha shujaa kwenye gemu.

Waliporudi aliwapokea uani. Silvana akamtazama kwa upole.

"Karibu, kijana. Unamtafuta nani?"

"Mama, ni mimi. Victor."

"Pole. Mama yako yuko wapi?"

Fransiska akaziba mdomo kwa kitenge. Victor akakimbia ndani, akafuta kila kitu, akaiponda flashi kwa jiwe, akarudi kupiga magoti.

"Mama! Mama!"

"Fransiska, mpe mgeni maji," Silvana akasema, akaingia jikoni kupakua sahani mbili.

Victor alirudi chumbani akiwa na njaa. Sakafuni palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa ungo mweusi kama makaa, mvuke ukitoka pembeni. Harufu ya nywele zilizoungua ilimjaa puani.

"Njoo ule, mwanangu," sauti ikasema nyuma ya kabati.

Alilia sana. Kisha akanawa mikono.