Mume Wangu Aliandika "Kesho Najitosa"

"Nimepima maji wiki tatu, sasa basi. Kesho najitosa! Brenda asijue."

Jamani... Brenda ni mimi!

Meseji hiyo nimeikuta kwenye simu ya mume wangu, Clive. Alikuwa anamwandikia mtu anayeitwa Pauline.

Na Pauline akajibu: "Usiogope. Nitakushika mpaka uzoee."

Mpaka azoee NINI?!

Sisi Waingereza wa huku Saltburn, mtu akisema anajitosa, ujue ama anaoa, ama anaacha kazi, ama anafungua duka la samaki na chipsi. Clive ni mstaafu, na kukaanga hajui. Imebaki kuoa!

Nikaanza kuunganisha mambo. Kila Ijumaa anarudi nywele mbichi. Ananukia sabuni isiyo yangu. Nikimuuliza, eti "mvua". Mvua gani ya sabuni?

Ijumaa hiyo nikamfuata. Akaingia jengo la bwawa la kuogelea, na mimi nyuma.

Nikamkuta majini, maboya ya watoto mikononi, anatetemeka. Clive, ambaye miaka thelathini na moja ya ndoa yetu hajalowesha hata kidole baharini!

"We Clive!"

"Brenda? Umefuata nini?"

"Nimemfuata hawara yako Pauline!"

Mwalimu wa kuogelea, bibi wa miaka sabini, filimbi shingoni, akageuka.

"Hawara mimi? Mwenzangu, na magoti haya?"

Bwawa zima likacheka. Na mimi nikacheka, nikaona aibu.

"Sasa ulinificha nini, mume wangu?"

Clive akatazama maji.

"Kila asubuhi unaenda kuogelea baharini na Nigel. Unarudi unaimba. Nikasema nijifunze, twende wote. Nikuone unapoimba."

Kicheko kikanikauka.

Kwa sababu huyo bwana Nigel, wapendwa... wiki iliyopita tu, Nigel aliniandikia: "Brenda, tunajitosa lini?"

Na hakuwa anazungumzia bahari.

Mimi sikumjibu hapana. Nilimjibu: "Ngoja nipime maji kwanza."

Unaona? Maneno yaleyale! Ndiyo maana niliyaelewa haraka vile kwenye simu ya Clive. Wewe unayekagua simu ya mwenzio leo, hebu anza na yako.

Nikatoa simu, nikamfuta Nigel palepale. Nikavua viatu, nikaingia bwawani na koti langu.

"Brenda, nishike! Nazama!"

"Maji ya kiunoni hayo, Clive."

Lakini nilimshika.