Aliyepuliza Vioo vya Taa

Jioni hiyo mke wa Fundi alitumwa kibano cha mpira wa gesi. Kitu kidogo, cha kununua na kurudi. Lakini alitoka pale karakanani ametunisha shingo kwa hasira, na alikuwa na haki.

Tumjue kwanza huyo Fundi, tusije tukamhurumia bure. Karakana ya vioo haikuwa yake. Ilikuwa ya baba mkwe wake, mzee aliyejenga tanuri lile tofali kwa tofali na kumfundisha binti yake kupuliza kioo tangu hajavunja ungo. Fundi aliingia kwa mlango wa ndoa. Mzee alipofariki, hata arobaini haijafika, bwana huyo akapanda ngazi akaandika jina lake juu ya mlango kwa rangi nyekundu.

Na mapafu yenyewe hakuwa nayo. Miaka mingi alichanganya mchanga wa kioo bila kitambaa puani, eti barakoa ni za waoga. Vumbi likamkalia kifuani, daktari akamkataza kupuliza hata puto. Mwanamume mzima, akizima mshumaa lazima apumzike katikati.

Basi kazi waliigawa hivi. Fundi anakaa benchini, anazungusha bomba refu la chuma lenye donge la kioo cha moto, mkono mwingine analiumba kwa koleo. Mkewe anapiga magoti kwenye ncha ya pili, bomba mdomoni. Fundi akisema "puliza", mke anapuliza. Akisema "acha", anaacha. Macho ya Fundi hayatoki kwenye kioo. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuinua kichwa kuona kama anayempulizia amechoka, amelia au amesuka nywele. Mbele za wateja hata jina alimpokonya, akawa anamwita Mapafu.

Marehemu mzee alikuwa na sharti moja tu: humwambii mtu apulize kabla hujamtazama usoni. Mkwe wake alipouliza sababu, mzee alishusha sauti.

"Kuna kitu hukaa kwenye ncha ya bomba, kinasubiri kuamrishwa. Hakina pumzi yake. Kinapuliza kwa pumzi ya aliyekiamuru, mpaka imwishie. Ila mwenye kuamuru akikitazama mwenyewe, akaona si mtu, kinaondoka."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Mzee amevuta moshi mwingi," akamwambia mkewe usiku ule, na sharti likafa hapo hapo.

Sasa siku hiyo kulikuwa na oda ya vioo ishirini vya taa za hoteli, vya mviringo, vyembamba. Cha tano kikapasuka. Kosa lilikuwa la Fundi, kioo kimeshapoa naye bado anakibana. Lakini mnunuzi wa hoteli alikuwa amesimama pale, na Fundi hakosei mbele za watu.

"Kazi yake ni kupumua tu, na hiyo nayo inamshinda," akamwambia mnunuzi. "Bora hata nipuliziwe na upepo."

Mnunuzi akacheka kidogo, akaangalia saa, akaaga. Mke akavua aproni yake ya ngozi, akaitupa sakafuni, pale anapopigia magoti kwenye ncha ya bomba.

"Mpira wa gesi umelegea," Fundi akasema bila kugeuka. "Kalete kibano. Usikawie."

Akakawia makusudi. Dukani alichagua kibano utadhani anachagua pete. Njiani alihesabu mambo aliyomvumilia yule mtu, akaona vidole havitoshi. Jua lilikuwa limezama, na taa za barabarani zilikuwa hazijawaka, alipofika kwenye uchochoro wa karakana na kusikia sauti.

"Puliza."

Kimya...

"Acha."

Akasimama. Ameshaleta mwingine, akawaza. Hata saa moja haijaisha. Akanyata mpaka mlangoni, si kwa hofu, kwa shari. Alitaka amwone huyo mwanamke kwanza, ndipo aseme yake.

Harufu ndiyo iliyomzuia. Si moshi, si gesi. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mgonjwa, ile ya asubuhi, kabla hajasukutua.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Fundi alikuwa benchini, ubavu huku, anazungusha bomba. Kwenye koleo kioo kilikuwa kinavimba, chembamba, safi, hakina hata kipovu. Kizuri kuliko vyote alivyowahi kupuliza yeye.

Akafuata bomba kwa macho. Taratibu. Kutoka kwenye kioo, kupita mkono wa mumewe, mpaka ncha ya pili.

Aproni yake ilikuwa imepiga magoti.

Imejaa. Ina kifua, ina mabega. Kamba zimefungwa nyuma, vizuri, fundo la kipepeo. Juu ya shingo ya aproni hapakuwa na kitu. Bomba lilikuwa limeelea mahali ambapo mdomo ungekuwa.

"Puliza," Fundi akasema.

Aproni ikatuna. Na hapo hapo kifua cha Fundi kikabonyea, mbavu zikachomoza chini ya shati. Hakushtuka. Alikohoa kikohozi kikavu, akameza mate, akaendelea kuzungusha. Mwenyewe, kwa majivuno yake, alidhani ni joto.

"Leo umepata akili, Mapafu," akasema. "Pumzi ndefu, hutetemeki. Ningejua, ningekutukana mapema."

Miaka kumi na mmoja mke alisubiri kusifiwa. Sifa yenyewe ndiyo hiyo, na aliyepewa ni ngozi tupu. Hata hivyo, mtu ni mtu. Alikumbuka maneno ya baba yake, na alijua hesabu ya kifua cha mumewe kuliko daktari: pumzi iliyobaki mle haikufika vioo vitatu. Sharti ni atazame mwenyewe. Basi.

"Mume wangu," akanong'ona.

Bomba likaendelea kuzunguka.

"Mume wangu... tazama anayekupulizia."

Fundi akageuka kwanza upande wa mlango. Macho yake, baada ya kukodolea moto miaka yote ile, yalikuwa mekundu, yanachuruzika. Midomo ilikuwa ya kijivu.

"Nani hapo?"

"Ni mimi. Usiniangalie mimi. Tazama ncha ya bomba. Tafadhali."

Fundi akashusha pumzi ya kuchoshwa. Akageuza kichwa. Akatazama.

Mke alijishika kifua, akisubiri apige kelele, aangushe bomba, akimbie. Chochote.

Fundi alitazama ile aproni juu mpaka chini. Aliona ngozi iliyoungua pembeni, magoti sakafuni, bomba limekaa sawasawa. Hakuona cha kumshangaza, maana uso wa mkewe hakuuzoea hata aukose.

"Nimetazama," akasema. "Ni mke wangu, yuko kazini. Wewe ni nani?"

Mke akafungua mdomo ajitaje.

"Mapafu," Fundi akauliza, sasa amerudisha macho kwenye kioo, "unamjua huyu mama?"

Kutoka ndani ya bomba, kwa sauti nyembamba ya chuma:

"Simjui."

"Umesikia? Tumefunga, mama. Rudisha mlango, upepo unaniharibia kazi."

Alisimama pale muda ambao hata leo hawezi kuusema ulikuwa mrefu au mfupi. Alimwona anavuta hewa, hewa haiingii. Alimwona anatabasamu kwa kile kioo.

Akarudisha mlango. Taratibu, usipige kelele.

Asubuhi majirani walimkuta Fundi amekaa benchini, koleo mkononi, kifua kimeingia ndani, unaweza kuweka sahani. Daktari akasema ni yale yale mapafu, alimwonya. Kwenye tanuri la kupozea, vioo vilihesabiwa ishirini kamili. Mtu mmoja kuvimaliza jioni moja, haiwezekani. Aproni ilitafutwa kila kona, haikuonekana.

Hoteli ilivichukua vioo. Wafagiaji wa kule wanalalamika kwamba alfajiri vinaota ukungu upande wa ndani, vinatakata, vinaota tena. Wamevifuta wakachoka.

Baada ya mazishi mke alikaa kwa dada yake, akamsimulia yote, bila kupunguza. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, akiogopa swali lake mwenyewe.

"Lakini mdogo wangu... si ungeingia tu? Ungemshika bega. Ungemvuta."

"Ningeweza," akasema, akaendelea kukunja shuka.