Wageni Saba wa Nyota Tano

Haya sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na ningekuwa na la tatu lingeona vilevile. Mimi ndiye niliyeipaka rangi ile nyumba, peke yangu, kwa siku mbili, kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza kwa juma zima na bado angeacha madoa.

Mwenye nyumba sisi wa mtaani tulimwita Nyota Tano. Alinunua nyumba awapangishe wasafiri kwa siku: watu wa mikutano, watu wa likizo. Akaitangaza kwenye simu kwa picha za kuvutia. Kimya. Nani alale mahali ambapo hajapasifu mtu? Basi akabuni wageni saba na kuisifu nyumba kwa majina yao, kwa simu za kuazima, kila sifa na nyota zake tano: mhandisi aliyelala "kama mtoto mchanga", maharusi ambao "hawakutamani kutoka", hadi bibi wa mwisho aliyesema, "Mwenyeji huyu hamnyimi mgeni kitu."

Usafi alimpa dada yake, mjane aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Asubuhi moja, kabla mgeni wa kweli hajakanyaga pale, dada alikuta kitanda kimelaliwa. Shuka lina joto.

"Mdogo wangu, ulilala kule?"

"Nina kichaa? Kile kitanda ni cha biashara."

"Basi kuna mtu. Mwili ni wa mtu mzima, lakini kichwa kilipobonyeza mto... ni kidogo, kama cha kichanga."

"Macho yamezeeka hayo, dada. Tandika."

Akatandika. Kesho yake bafu lilinuka maua yaliyooza, na nyuma ya mlango watu wawili walikuwa wanacheka chini chini. Wateja wakaanza kuja, wakaanza kukimbia. Mfanyabiashara mmoja alitoka na kiatu kimoja, na hakurudi kuulizia cha pili.

Nyota Tano akaleta mganga. Mganga alinusa kizingiti, hakuingia.

"Uliwaita kwa maandishi, wakaitika," alinong'ona. "Kisicho na mwili ukikipa kitanda, kinahamia."

"Wanatokaje?"

"Hawatoki. Ila watatulia wakipata wa kuwatandikia. Si ulisema huwanyimi kitu?"

Nyota Tano alifikiri kwa muda wa chafya moja. Akapiga simu, sauti ya asali.

"Dada, njoo ubadilishe mashuka. Njoo peke yako."

"Naogopa mle, mdogo wangu."

"Nyumba hii ikifa na mimi nimekufa. Unataka kunizika?"

Alikuja saa sita mchana, jua la utosi, kakumbatia mashuka safi kifuani. Alipoingia tu, mdogo wake akazungusha ufunguo kwa nje, na mimi nikiwa juu ya ngazi narudia rangi ya dirisha nilimsikia dada akiuliza kwa upole, "Mbona mko saba?", kisha akiugonga mlango polepole kama mtu anayeogopa kuwasumbua wageni, akigonga na kumwita mdogo wake kwa jina la utotoni ambalo sisi hatukuwahi kulijua, akigonga hadi kugonga kukageuka mlio wa shuka linalokung'utwa, paa, paa, paa, na harufu ya maua ikapenya hadi kwenye kopo langu la rangi.

Nikashuka. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Mlango ulipofunguliwa, vitanda vilikuwa vimetandikwa, pembe zimenyooka. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, sambamba. Yeye hayupo.

Tangu siku hiyo nyumba haikosi wageni. Wasafiri wanalala fofofo, na hawajui nani huwabadilishia mashuka. Sifa ya nane ilijiandika yenyewe: "Nyumba safi. Mdogo wangu hamnyimi mgeni kitu."

Sasa, mimi si mwongo, kwa hiyo nitasema. Yote ni kama nilivyoona, ila kimoja nimekitia mwenyewe, ili usimchukie Nyota Tano sana: yule mganga. Hakuna mganga aliyefika pale. Nyota Tano alikaa kizingitini, akasoma tena alichokiandika mwenyewe, akampigia dada simu.