Karatasi ya Chini Kabisa

Kila siku saa kumi jioni, Kavindu alipotoka shule, alipitia kwanza kwenye karakana ya mama yake. Ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati huko Kangemi, chenye harufu ya ngozi na gundi. Alivua sweta ya shule, akanywa chai, kisha akaketi kwenye meza ndogo iliyokuwa karibu na mlango.

Meza hiyo ilikuwa ya oda. Mteja alipofika, Kavindu alimsimamisha juu ya karatasi kubwa na kuuchora mguu wake kwa penseli. Kisha aliandika kwenye karatasi ndogo jina la mteja, tarehe na aina ya viatu alivyotaka. Karatasi hiyo aliichoma kwenye msumari mrefu uliosimama wima juu ya kipande cha ubao. Mzee Kilonzo aliichukua kutoka hapo akakata ngozi, Dada Jackie akashona, na Musili akabandika soli.

Kavindu alikuwa na miaka kumi na miwili na maswali yasiyokwisha. Alitaka kujua kwa nini ngozi ililowekwa kabla ya kukunjwa, na kwa nini gundi iliachwa ikauke kidogo kabla ya kubandika. Mzee Kilonzo alimwita Inspekta, lakini kila swali alilijibu.

Jumamosi moja asubuhi alikuja Mama Mwihaki, mwanamke mpole aliyefanya kazi za nyumbani Kileleshwa. Alikuwa amemshika mkono bintiye wa miaka minne. Mguu mmoja wa Mwihaki ulikuwa mfupi kuliko mwingine, na daktari mmoja wa Upper Hill alikuwa ameandika kiasi ambacho soli ya kiatu chake ingeinuliwa. Mtoto alitembea kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, huku akiegemea ukuta.

Hii ilikuwa mara ya tatu kuja. Mama yake Kavindu aliomba radhi na kumwambia arudi wiki ijayo. Mama Mwihaki hakulalamika. Alisema tu kwamba watoto wa jirani walikuwa wameshaanza chekechea, na Mwihaki alikuwa akiuliza kila asubuhi kama viatu vyake viko tayari. Kisha akambeba mtoto mgongoni na kuondoka.

Kavindu aliwatazama hadi wakapotea barabarani. Jambo hilo halikumwingia akilini. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemwona mwanamume mmoja wa Spring Valley akiagiza viatu Jumanne na kuvichukua Ijumaa. Ilikuwaje basi?

Alianza kuuliza. Mzee Kilonzo alisema yeye hukata kila oda anayoipata. Dada Jackie alisema kilichokatwa asubuhi hushonwa kabla ya jioni. Musili alimwonyesha rafu yake, na kweli, hapakuwa na kiatu kilicholala kikisubiri soli. Hakuna aliyekuwa mvivu. Hata hivyo, viatu vya Mwihaki havikuwapo popote.

Kwa siku nne Kavindu aliandika daftarini tarehe ya kila oda iliyoingia na ya kila oda iliyokamilika. Alipolisoma daftari lile Alhamisi, alishangaa. Oda mpya zilitoka upesi. Zile za zamani hazikuonekana kabisa. Akainua macho kumtazama Mzee Kilonzo, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza kukata. Mzee alinyoosha mkono kwenye msumari akachukua karatasi ya juu kabisa, ile ambayo Kavindu alikuwa ameichoma dakika kumi tu zilizopita.

Mzee alipogeuka, Kavindu alizichomoa karatasi zote na kuzipanga mezani. Ya chini kabisa ilikuwa na tundu lililoshika kutu. Iliandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: Mwihaki, miaka minne, soli ya kulia iinuliwe. Ilikuwa na wiki tano.

Kavindu alifurahi kwamba amepata jibu, lakini furaha hiyo haikudumu. Alikumbuka siku moja, wiki mbili nyuma, oda zilipokuwa zimepungua hadi ikabaki moja tu. Mzee Kilonzo alikuwa ameishika mkononi, ile ya Mwihaki. Rafiki yake Waceke alitaka viatu vya kuchezea ngoma kwenye tamasha la shule, na Kavindu akamwambia mzee kwamba mama amesema waanze na vya Waceke. Mama hakuwa amesema lolote. Mzee aliirudisha karatasi ile msumarini. Kesho yake oda mpya zikaja, zikaifunika.

Angeweza kuichukua sasa akaiweka juu kimya kimya, na hakuna ambaye angejua. Aliishika kwa muda. Kisha akaenda nayo hadi kwa mama yake, aliyekuwa akipaka rangi viatu, na kumweleza yote: msumari, daftari, na uongo wake.

Mama aliweka brashi chini. Hakupandisha sauti.

"Na huyo mtoto ulimwona Jumamosi," alisema.

"Nilimwona, mama."

"Basi atakapokuja, utamweleza mama yake wewe mwenyewe. Mimi pia nitamwomba radhi, kwa sababu msumari ule niliuweka mimi."

Jioni hiyo msumari uling'olewa. Kavindu alipendekeza wafunge kamba ndefu ukutani na kuzibana karatasi kwa vibanio vya nguo, oda ya kwanza mwanzo wa kamba, na kila mpya iingie mwisho wa foleni. Oda za daktari zilipewa kibanio chekundu na kutangulia zote. Mzee Kilonzo alikata ngozi ya Mwihaki palepale.

Jumamosi, Mama Mwihaki alipoingia, Kavindu alisimama mbele yake na kumwambia ukweli. Mama yake naye akaomba radhi.

"Niliumia," alisema Mama Mwihaki. "Nilidhani ni kwa sababu sipigi kelele kama wengine. Asante kwa kuniambia."

Musili alimvisha Mwihaki viatu. Mtoto alisimama, akautafuta ukuta kwa mkono, kisha akauacha. Alipiga hatua moja, ya pili, halafu akatembea hadi kwenye cherehani ya Dada Jackie na kurudi, akiitazama miguu yake iliyokanyaga chini yote miwili. Karakana nzima iliacha kazi.

Walipokwisha kuondoka, mama alimketisha Kavindu kando yake.

"Kuuliza maswali ni jambo jema, mwanangu, na sitaki uache," alisema. "Lakini wengi huuliza hadi pale jibu linapowageukia wenyewe, kisha hunyamaza. Wewe hukunyamaza. Umekosa kwa kusema uongo, na umerekebisha kwa kusema kweli. Kazi yetu hapa ni ya mikono, lakini mteja akiacha mguu wake umechorwa kwenye karatasi yetu, ametuamini. Aliye mkimya ametuamini sawa na mwenye kelele, na zamu yake ni yake."