Aliyeitaja Chumvi Jua Likizama

Jioni ile ya mwaka 1993, kwa mzee Kasimiri, mtaa wa Makanyagio, walikuwepo watatu: mzee mwenyewe, Minza, aliyemfulia na kumpikia, na Ngolo, mtoto wa Minza, mgongoni kwa mama yake, na homa yake isiyokoma. Wa nne alikuja giza lilipoanza kuingia.

Minza alikuwa akiongeza maji kwenye tangi la kioo. Humo mzee, baharia mstaafu, alifuga matumbawe laini aliyoyaleta kutoka Tanga kwa treni, ndani ya madumu. Yalikuwa na rangi ya nyama. Mchana yalifunguka kama vidole. Jioni yalijikunja.

"Maji ya mvua tu, mwanangu," mzee alisema kitandani, akikohoa. "Yanayokauka ni maji. Chumvi inabaki."

Mzee mwema. Kila asubuhi alimwekea Ngolo kikombe cha maziwa. Lakini majirani walimnong'oneza Minza: vile vidole vinamnyonya mtoto wako. Na kweli... kadiri vilivyonenepa, Ngolo alikonda.

"Hodi..."

Mlangoni alisimama mwanamke. Kanga yake ilichuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha. Alinuka kama dagaa wa ziwani Ikola walioloa kabla ya kukauka.

"Dada, nigawie chumvi."

Minza alishtuka. Jua likizama, watu huomba "dawa ya mboga". Chumvi haitajwi.

"Sema vizuri, dada," alinong'ona.

"Chumvi. Mtoto wako atapona."

"Minza! Usimpe!" Sauti ya mzee ilitetemeka.

Mbona anaogopa? Kumbe ni kweli, Minza aliwaza. Anavilisha vidole vyake damu ya mwanangu! Akachota konzi kwenye gunia la chumvi ya tangi, akaitia kiganjani mwa mgeni.

Kiganja kilikuwa baridi. Laini.

Hakikuwa na mfupa.

Mgeni akafumba mkono, akaondoka bila kishindo.

Ndani, pampu ya hewa ya tangi ikanyamaza. Matumbawe yalikuwa yamelala chini, meupe, kama utumbo uliooshwa. Mzee alijikokota, akachovya kidole tangini, akaonja.

"Maji matupu," alisema. "Miaka yote hii, maji ya chumvi ndiyo yaliyomzuia huyo nje."

"Nani, baba?"

Mzee alimtazama Ngolo, akavua shuka lake, akamfunika.

Homa iliisha usiku uleule. Mwaka 1999 Ngolo alianza darasa la kwanza. Akilia, Minza humfuta machozi, kisha huyaonja.

Hayana chumvi.