Natasha Akalia Mikono

Natasha alikuwa na miaka kumi na miwili na hakujua kutulia. Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao mtaani Barking, magoti yake yalitikisa meza ya chai mpaka Mama akamkemea. Vidole navyo vilibonyeza chochote kilichokuwa karibu.

Jumamosi hiyo mjomba wake, Linus, alimpa kompyuta yake ya kupakata. Kazi ya Linus ilikuwa kuandika kanuni za kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu ya ndani kabisa inayoamua lini mashine itumie umeme na lini ilale ili betri isiishe upesi.

"Soma hadithi hii yote," alisema. "Skrini ikizimika ukisoma, niambie. Saa kumi nawatumia wenzangu kazi hii, nao wataiweka kwenye kompyuta za watu wengi."

Skrini ilizimika mara mbili. Natasha, aliyetamani kwenda sokoni na rafiki yake Shekinah, alibonyeza kitufe, ikawaka. Baada ya hapo hakuacha kubonyeza, isije ikazimika tena.

"Ilizimika?" mjomba akauliza.

"No, Anko. Hata kidogo."

Linus alifurahi mpaka akapiga makofi, na furaha hiyo ndiyo iliyomkosesha Natasha raha. Huko sokoni Shekinah alimsemesha wee, yeye hakusikia kitu.

Aliporudi, Mama alikuwa ameipakata ile kompyuta akisoma masomo yake ya uuguzi, ametulia tuli. Skrini ikazimika.

"Linus, mashine yako inadhani nimekwenda zangu!" Mama alilalamika.

"Labda umegusa kitu, dada. Natasha ameijaribu, iko sawa." Linus akaichukua ili aitume kazi yake.

Natasha akamshika mkono. "Anko, please, usitume! Nilikudanganya. Ilizimika, nikawa naibonyezabonyeza ili nimalize niende zangu."

Linus alimtazama. "Umeniudhi sana, Natasha," alisema. Kisha akawaandikia wenzake kwamba kazi itachelewa, akaanza upya. "Anayesoma hagusi kitu, lakini yupo. Kanuni yangu haikumfikiria mtu huyo. Sasa skrini itafifia kwanza, na mashine haitalala upesi."

Alipomaliza, Natasha aliomba kuijaribu tena. Safari hii aliikalia mikono yake miwili, akasoma huku magoti yakimwasha kwa hamu ya kucheza.

"Anko, imefifia. Lakini naona maandishi, haijazimika."

Mama akamshika bega. "Mtu akikuuliza kilichotokea, mwambie kilichotokea, hata kama kitamwondolea furaha. Mjomba wako hawezi kurekebisha kosa alilofichwa."

Linus aliituma kazi yake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Haya, mwanangu, toa mikono. Itakufa ganzi!"